Nani Anamlindia Mwanafunzi Saa Zake?

Nafundisha hisabati katika shule ya upili ya kutwa, Kaunti ya Kilifi, kando ya barabara kuu iendayo Malindi. Wanafunzi wangu ni watoto wa wavuvi, wa vibarua wa mashamba ya mkonge, wa kina mama wanaouza mahamri na mbaazi alfajiri, na wa wafanyakazi wa hoteli za ufuoni. Wengi huja shule kwa miguu. Nawataja mapema kwa sababu yote ninayoyajua kuhusu masomo ya mtandaoni yamepitia kwao. Nimehudhuria warsha, nimesoma ripoti, nimewasikia wataalamu wakiyasifu masomo hayo na wengine wakiyalaani, na kila mara nimejiuliza kama maneno yao yangekuwa kweli kwa mtoto anayeishi nyuma ya kisima cha kijiji chetu.

Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, na sisi wa shule za kutwa hatukufungua Jumatatu. Mwanzoni tulidhani ni likizo fupi. Kisha ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, hoteli zikafunga, kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na ilipofika tarehe 8 Aprili watu wakazuiwa kuingia wala kutoka Kilifi, Mombasa na Kwale. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na mtihani wa KCSE mbele yao, na hakuna aliyeweza kuwaambia utafanyika lini. Ndipo nikafungua kundi la WhatsApp.

Namba nilizokuwa nazo zilikuwa za wazazi, zimeandikwa katika daftari la karo. Nyingi zilikuwa za mulika mwizi, zile simu ndogo zenye tochi ambazo WhatsApp haiingii. Wanafunzi wakaanza kujitokeza mmoja mmoja kupitia simu za watu wengine: ya kaka mwenye bodaboda, ya shangazi anayefanya kazi Mtwapa, ya jirani mwenye duka. Aliyenijibu swali la vekta alikuwa na picha ya pikipiki; aliyeuliza habari za logi alikuwa na picha ya maharusi. Nikawaomba waanze kila ujumbe kwa jina lao, na wengine kwa hiari yao wakaongeza saa ambayo simu ingetakiwa na mwenyewe.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi. Niliandika somo kwenye karatasi kwa kalamu nene, nikaipiga picha, nikaituma pamoja na ujumbe mfupi wa sauti nikieleza mstari kwa mstari. Wao walifanya mazoezi katika madaftari, wakayapiga picha, wakanirudishia. Video nilizikwepa. Dakika chache za video zilimeza bando la siku nzima, na mtoto aliyekopa salio kwa Okoa Jahazi usiku hakustahili kulimaliza kwa jambo linaloweza kuelezwa kwa sauti na mchoro mmoja.

Faida ya kwanza niliiona katika wiki hizo, na mpaka leo sijaiona ikipewa uzito unaostahili. Kulikuwa na msichana ambaye tangu kidato cha kwanza hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Alama zake zilikuwa za wastani, daftari lake safi, na ukimwuliza kama ameelewa alijibu "ndiyo, mwalimu" huku akitazama dawati. Usiku mmoja akaniletea ujumbe wa sauti, akinong'ona, mtoto mchanga akilia nyuma yake: "Mwalimu, samahani. Ile ya kukamilisha mraba. Kwa nini tunaigawanya kwa mbili halafu tunaizidisha kwa yenyewe? Naifanya siku zote, lakini sijui kwa nini."

Nikamchorea. Nilichukua mfano wa al-Khwarizmi, yule mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, ambao una zaidi ya miaka elfu moja na bado haujapatikana bora kuliko huo: x² + 10x = 39. Nikachora mraba wenye upande wa x. Ile 10x nikaigawa vipande viwili vya upana wa 5, kimoja nikakiweka juu ya mraba, kingine ubavuni mwake. Umbo linalotokea linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja ina pengo, na pengo hilo ni 5 kwa 5, yaani 25. Ukiliziba huku, lazima uongeze 25 kule upande wa pili, upate 64. Basi upande wa mraba mkubwa ni 8, na x ni 3. Nikaupiga picha mchoro, nikaueleza kwa sauti, nikamtumia.

Asubuhi akanijibu kwamba ameusikiliza mara nyingi hata mdogo wake ameanza kuyaimba maneno yangu. Kisha akauliza: "Lakini mwalimu, kwa kanuni tunapata pia x ni hasi 13. Mraba wa upande hasi unachorwaje?" Nilikaa na swali lile kwa muda. Al-Khwarizmi mwenyewe aliliacha jibu hasi, kwa kuwa alikuwa akipima maumbo na umbo halina upande hasi. Msichana ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amesema neno darasani alikuwa amefika mahali ambapo hisabati ya kale iligota.

Darasa letu lina wanafunzi zaidi ya hamsini na kipindi ni dakika arobaini. Anayeuliza mara ya kwanza husikilizwa, anayeuliza mara ya pili hugunwa na wenzake, na wa mara ya tatu hayupo, kwa sababu ameshanyamaza. Sauti iliyorekodiwa haichoki wala haikunji uso. Mtoto mwenye haya, mtoto mwenye kigugumizi, msichana aliyezoeshwa kwamba kunyamaza ndiyo adabu, wote hao niliwasikia mwaka ule kwa mara ya kwanza. Yeyote anayesema kwamba masomo ya mtandaoni ni kivuli tu cha darasa la kweli, namwomba awafikirie wale ambao darasa la kweli liliwafunga midomo.

Hasara nayo haikuchelewa kujitokeza. Darasani mimi hufundisha kwa miguu. Napita baina ya madawati, na mafunzo yangu mengi hutokea pale ninapoiona penseli ikisimama. Naliona jicho la mwanafunzi likitafuta, naona hasi 3 ikipandishwa kipeo cha pili na kuandikwa hasi 9, nainama namwonyesha kabla hajafika mstari unaofuata. Kupitia simu, penseli iliyosimama siioni. Hufika jibu tu, limekwisha kupigwa mstari chini. Na majibu yale yalianza kufanana: kosa lilelile, katika mstari uleule, kwa miandiko mbalimbali. Walikuwa wakipeana. Sikuwa na hakika kama aliyenyamaza ameelewa, amekata tamaa, au ameishiwa na chaji. Kufundisha hivyo ni kumimina maji mtungini gizani. Unasikia yanaingia, lakini hujui yamefika wapi.

Mwenzangu wa kemia alikuwa na shida kubwa zaidi. Katika karatasi ya tatu ya KCSE mtahiniwa hupewa bureti na pipeti, aimimine asidi tone kwa tone mpaka rangi ya waridi ya fenolftaleini ipotee. Tone moja zaidi na hesabu yote imeharibika. Alirekodi jaribio zima na kulituma. Watoto waliona rangi ikipotea, wakaweza kueleza kwa nini inapotea, na tuliporudi shuleni vidole vyao havikuweza kuifunga ile koki ya bureti kwa wakati. Kuna elimu inayokaa mkononi, nayo haisafiri kwa simu. Fundi wa jahazi yeyote wa pwani hii anaijua habari hiyo.

Kuelekea Mei kundi likaanza kupoa. Wa kwanza kupotea walikuwa wale niliowategemea. Nikawapigia wazazi, na katika simu hizo ndipo nilipoanza kuelewa tatizo lilipo.

Mama mmoja alinijibu kwa upole mwingi. "Mwalimu, mbona yuko tu hapa nyumbani, hana kazi. Nitamwambia asome." Na kabla hatujaagana nikamsikia akigeuka na kupaza sauti: mwite dada yako ateleke chungu, halafu amchukue mtoto, halafu aende kisimani kabla jua halijakuwa kali. Mama yule hakuwa mkatili. Biashara yake ya mahamri ilikufa pamoja na shule, kwa kuwa waliokuwa wakinunua ni wanafunzi na wafanyakazi wa alfajiri. Mumewe alirudi kutoka hotelini bila mshahara. Nyumba iliyokuwa ikiwaona watoto jioni tu sasa ilikuwa na watu kutwa, na watu hula, huoga, huchafua vyombo. Binti alikuwa mikono miwili iliyopatikana bure.

Kwa miaka yote niliyofundisha nilikuwa nikiiona sare ya shule kama vazi la nidhamu. Mwaka ule niliiona kama kibali. Mtoto anapoivaa asubuhi na kushika njia, nyumba nzima inakuwa imekubali kwamba hadi alasiri hatatumwa. Hakuna anayempigia simu arudi kuchota maji. Makubaliano hayo hayajaandikwa popote, na ni kazi kubwa ya vizazi viwili vitatu vya wazazi waliojinyima ili yasimame. Simu ilileta somo mpaka mlangoni, lakini kibali kile haikuweza kukileta. Mwanafunzi anayesoma akiwa amekaa mkekani, bila sare, simu mkononi, kwa macho ya nyumba hasomi. Anachezea simu.

Wavulana walikuwa na yao. Maji ya bamvua yalipokuja walishuka pwani na baba zao, wengine walikwenda kusaidia kwenye machimbo ya mawe, wengine walichukua bodaboda ya kaka zamu ya mchana. Wote walikuwa wakipata pesa, na pesa zile zililisha nyumba. Ni nani angemwambia mtoto aiache sahani ya wadogo zake ili asikilize ujumbe wangu kuhusu mfululizo wa hesabu?

Mwendo ndani ya kaunti ulikuwa haujakatazwa, basi nikavaa barakoa na kuanza kuwatembelea. Nilimkuta mmoja amepanda juu ya kilima chenye mbuyu kwa sababu ni pale tu simu ilishika mtandao. Nyumba nyingine nilikuta daftari langu la mazoezi limekuwa la hesabu za deni la duka. Na katika nyumba moja ya makuti, kwenye njia ya kushukia pwani, nilikuta kitu nilichokuwa sikitarajii: wasichana watatu wa darasa langu kwenye mkeka mmoja, simu moja katikati imeegemezwa kwenye kinu, na mbele ya mlango amekaa bibi mzee anasuka ukili.

Nikampa shikamoo. Akaniitikia, akanionyesha kigoda nje, si ndani. "Ngoja kidogo, mwanangu. Hawa watoto wanasoma." Nikamwambia mimi ndiye mwalimu wao. "Hata kama," akasema, "wakimaliza utaingia." Bibi yule hakujua kusoma. Simu ilikuwa ya mjukuu wake mmoja, wale wengine wawili ni watoto wa majirani ambao yeye mwenyewe aliwaomba kwa mama zao. Sharti lake lilikuwa moja: tangu alasiri hadi magharibi hakuna wa kuwatuma, na mama mwenye shida ya haraka amtume yeye. Siku ile mbele ya macho yangu alimrudisha mvulana aliyekuja kumwita dada yake, akamwambia maji atayaleta yeye bibi kwa ndoo ndogo.

Wasichana wale watatu walitumia simu moja yenye kioo kilichopasuka, na walifanya vizuri kuliko mvulana wa darasa hilohilo ambaye kwao kulikuwa na waya wa intaneti, kompyuta na chumba chake mwenyewe. Yeye alikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kumwuliza amefika wapi. Wazazi walikuwa kazini, waliamini mashine itamsomesha, na mashine ileile ilikuwa na michezo ya risasi inayoendelea hadi usiku wa manane. Simsemi kwa ubaya. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na hakuna mtoto wa miaka kumi na saba anayeweza kushindana peke yake na watu wazima wanaolipwa kumfanya asiondoe macho kwenye kioo.

Basi nikabaki na hoja ambayo sijaiacha tangu wakati huo. Faida ya masomo ya mtandaoni na hasara yake ni kitu kimoja. Shule ilikuwa imebeba mzigo wa kumtengea mtoto saa, mahali na mtu wa kumwangalia. Mtandao humpa mwanafunzi somo na kuurudisha mzigo ule nyumbani. Nyumba yenye mtu wa kuubeba, mtoto hupaa, na hata huipita shule. Nyumba isiyo na mtu huyo, au iliyo naye lakini amechoka, somo hufika na kupotea.

Nisieleweke kwamba vifaa si kitu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa watu waliotumia intaneti nchini Kenya, wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, walikuwa asilimia 22.6, mijini asilimia 42.5, vijijini asilimia 13.7. Tulianza 2020 tukiwa hapo. Na hapa pwani jambo hili linauma kwa namna ya peke yake, maana kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilitua Mombasa mwaka 2009, na Seacom mwaka huohuo, EASSy ikafuata. Intaneti ya nchi nzima inaingilia baharini kwetu, na kilomita chache kutoka ufuoni kuna watoto waliopanda vilima kuitafuta. Julai 2020 tulisikia habari za maputo ya Loon yaliyorushwa juu ya magharibi na katikati ya nchi yakitoa mtandao angani. Kufikia Januari 2021 kampuni ikatangaza kuufunga mradi. Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao ulidorora Kenya, Tanzania na kwingineko katika ukanda huu, na kazi niliyokuwa nimewapa wanafunzi ikabaki katika simu zao bila kutumwa.

Redio ilikuwa na uaminifu zaidi. Vipindi vya taasisi ya mitaala, KICD, vilivyorushwa na KBC vilifika hata kwenye nyumba zisizo na simu janja, na wenye mulika mwizi waliweza kujipima kwa maswali ya Shupavu 291 kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Nawapongeza waliobuni mambo hayo, kwa sababu walianza na simu ambayo mama wa kijijini anayo tayari. Kasoro ya redio ni kwamba huwezi kuiuliza kwa nini tunagawanya kwa mbili.

Kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba 2020, madarasa mengine mengi yakarudi Januari 2021. Kulikuwa na madawati yaliyobaki wazi. Baadhi ya wasichana walikuwa wajawazito, mmoja alikuwa ameolewa, na wavulana kadhaa walikuwa wameshazoea kushika pesa. Tuliwafuata majumbani, baadhi wakarudi, baadhi hawakurudi. Karibu wote waliokosekana hawakuwa kwenye kundi langu la WhatsApp kwa miezi mingi, na uhusiano huo naomba usomwe kwa uangalifu. Sisemi kwamba somo la simu lingewaokoa. Nasema kwamba kimya chao kwenye simu kilikuwa habari, na aliyekuwa na nafasi ya kuisikia habari hiyo mapema ni mwalimu. Tangu hapo, mwanafunzi akinyamaza, sisubiri wiki iishe. Napiga simu au natembea.

Upande mwingine wa jambo hili niliuona kwa dada yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Lamu. Alikuwa akisomea shahada kwa ule utaratibu wa walimu wa kusoma wakati wa likizo. Kila Aprili, Agosti na Desemba alivuka kwa mashua hadi Mokowe, akapanda basi, akapitia barabara ambayo kwa miaka kadhaa magari yalisindikizwa na askari, akalala Mombasa kwa kodi, akasoma mfululizo bila kupumua, akarudi kwa watoto wake amekonda. Nauli, chumba na chakula vilizidi karo. Mihadhara ilipohamia mtandaoni 2020, alibaki Lamu na akamaliza.

Nilimpigia siku ya mahafali kumpongeza, nikamwuliza aliwezaje na nyumba ile iliyojaa watu. "Kaka," akaniambia, "darasa nililiweka chumba cha ndani, lakini mlango aliushika mama mkwe wangu. Mhadhara ukianza yeye anakwenda kukaa barazani. Akija mgeni anamwambia: leo mwenyewe yuko chuoni. Wageni wakazoea. Wakawa wanauliza njiani, je, yuko chuoni leo?" Katika mtaa wa Lamu, ambako mlango hausubiri miadi na mgeni hana saa, kauli ile ya mama mkwe ilijenga chuo kizima ndani ya nyumba.

Lakini aliniambia na jingine. Zamani, akisoma Mombasa, walikuwa wakikaa wanne chumba kimoja, wakibishana juu ya tenzi na historia mpaka alfajiri, na wanawake wale mpaka sasa ndio anaowapigia akiwa na jambo zito. Wale aliosoma nao mtandaoni anawajua kwa majina kwenye kioo. "Shahada nimeipata," alisema, "wenzangu sikuwapata." Sikuona haja ya kumfariji, kwa kuwa alikuwa akipima tu, kama mtu mzima anayejua alicholipia. Na mizani yake ingali inaelemea upande wa mtandao, kwa kuwa bila huo asingekuwa na shahada kabisa. Nadhani hilo ni kweli kwa walimu wengi, wauguzi, na mama wengi ambao chuo kiko mbali nao. Mtu mzima aliyechagua mwenyewe kusoma, mwenye sababu yake na mwenye mtu wa kumshikia mlango, mtandao ni neema kwake. Mtoto wa kidato cha pili ni habari nyingine, na makosa mengi ya mipango yetu hutokana na kuwachanganya hawa wawili.

Kundi langu la WhatsApp halikufa shule zilipofunguliwa. Kila jioni natuma ujumbe wa sauti wa somo la siku kwa wanaotaka kusikiliza tena, na usiku napokea maswali ya wenye haya. Mchana narudi baina ya madawati kuangalia penseli. Sitaki tena kufundisha kwa mojawapo bila nyingine. Wanafunzi wa siku hizi wameongeza jipya: wanaiuliza akili bandia iwakokotolee, inawapa hatua zote kwa dakika moja, safi kabisa, na nawaona wakinakili hatua hizo bila kujua kwa nini tunagawanya kwa mbili. Nimeanza kuwataka waje ubaoni kunichorea. Mchoro ndio unaonionyesha nani ameelewa.

Katika mkutano wa wazazi wa mwaka juzi nilisimama nikaomba kitu kimoja. Sikuomba simu wala bando. Niliomba kila nyumba imtengee mtoto saa moja jioni ambayo hatatumwa, na atakayelinda saa hiyo atajwe kwa jina: mama, baba, nyanya, kaka, yeyote. Wengi waliitikia. Kisha baba mmoja, mvuvi, akainuka. "Mwalimu, maneno yako ni mazuri. Lakini saa unayoitaka ndiyo saa ya kuteka maji. Mchana kisimani kuna foleni, usiku kuna giza. Nikimwacha binti asome, tutapikia nini?"

Ukumbi ulinyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Tukaijadili hoja yake kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote siku ile. Shule yetu ina tangi na bomba. Mwisho wa mjadala tulikubaliana kwamba wanafunzi waje na madumu asubuhi, wayaache nyuma ya jiko la shule, na kengele ya mwisho ikilia wayajaze na kwenda nayo nyumbani. Bodi ilipitisha, kwa masharti ya kulinda matumizi ya shule wakati wa kiangazi.

Ndani ya muhula huo maswali ya wasichana kwenye kundi yaliongezeka, na yakaanza kufika mapema, kabla ya sala ya isha, badala ya usiku wa manane. Yalikuwa na urefu pia. Mtu ambaye hana haraka huuliza swali hadi mwisho wake. Tatizo sasa ni tangi lenyewe. Ni dogo, na linakauka kabla madumu ya kidato cha kwanza hayajafikiwa. Mwalimu mkuu ameniomba niandike ombi la shule kwa hazina ya maendeleo ya eneo bunge, akanipa mfano wa maombi ya shule jirani yaliyofaulu, ambayo yote yalikuwa ya tabuleti na vyumba vya kompyuta. Nimeliandika kwa kichwa cha habari cha masomo ya mtandaoni, na chini yake nimeorodhesha tangi la lita elfu kumi, mabomba manne, na taa za sola kwa njia ya kutoka shule hadi barabarani.